Mtori ule ule, ulimi mwingine

Mwaka 2004 nilipanda basi kutoka Tanga kwenda Moshi, kijana niliyekuwa ndiyo kwanza naanza kushika sufuria katika jiko la hoteli. Segera, Korogwe, Mombo, Same. Tukaingia stendi jua linazama. Mwenyeji wangu akanipeleka kwenye mgahawa wa meza nne karibu na soko, akaniagizia mtori. Nilikula vijiko vitatu nikasogeza bakuli. Kwangu mimi, mtoto wa Ngamiani, mchuzi usio na nazi, usio na bizari wala ndimu, ulikuwa maji ya moto yenye ndizi. Mama mwenye mgahawa aliona. "Mwanangu, unaumwa?" Nikamjibu nimeshiba. Nilimdanganya mtu mzima mbele ya chakula chake, na jambo hilo limenikaa rohoni miaka yote.

Nikarudi mwaka 2019. Meza zilikuwa zimefika saba, na jiko alikuwa amelishika binti yake. Niliagiza mtori, safari hii kwa hiari yangu. Kijiko cha kwanza tu nilikiona kitu ambacho kijana yule hakukiona: mifupa ya ng'ombe iliyochemka tangu alfajiri hadi ikaachia utamu wote, ndizi mshare zilizopondwa mpaka zikaufanya mchuzi uwe mzito bila unga wowote, kitunguu kidogo, chumvi ya kupimia kwa ncha za vidole. Nikaomba bakuli la pili. Nikamuuliza binti wameongeza nini. "Hatujaongeza kitu, kaka. Mama angenifukuza jikoni."

Basi aliyebadilika ni mimi. Na kwa kuwa kazi yangu sasa ni kufundisha vijana upishi, nataka nieleze vizuri hilo linavyotokea, maana wengi hudhani mtu huzaliwa na ladha yake na kufa nayo.

Ulimi umejaa vinundu vidogo vya ladha, na seli zilizomo ndani yake hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku kumi hivi. Ulimi ulioukataa mtori mwaka 2004 haukuwepo tena hata mwezi mmoja baadaye! Lakini seli mpya peke yake hazikubadilishi. Kinachokubadilisha ni mazoea. Mwaka 2013 mama yangu aligundulika ana presha, tukapunguza chumvi nyumba nzima. Wiki tatu za mwanzo tulikula kwa shida, wadogo zangu wananung'unika, mimi mwenyewe navizia kopo la chumvi. Kufika mwezi wa tatu nilialikwa harusini Makorora, nikatia tonge la pilau mdomoni nikadhani mpishi amekosea. Hakukosea. Watu wote pale walikuwa wanakula kwa raha, chumvi ilikuwa ile ile ya siku zote. Wataalamu waliolichunguza jambo hili wanasema huchukua wiki nane hadi kumi na mbili mtu kuzoea chumvi kidogo, na nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo.

Chumvi ikishapungua, vitu vilivyokuwa vimejificha nyuma yake hujitokeza. Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alichemsha mwani wa kwao unaoitwa kombu akapata kile kinachoupa mchuzi wake ule utamu usio wa sukari. Akauita umami, na leo unahesabiwa ladha ya tano baada ya tamu, chumvi, chachu na chungu. Huo ndio uliokuwa kwenye mifupa ya Moshi. Huku kwetu uko kwenye dagaa, kwenye ng'onda, yaani samaki mkavu, kwenye nyanya iliyokaangwa mpaka ikatoa mafuta.

Halafu kuna pua. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya koo. Wanafunzi wangu huwapa iliki ya Amani watafune huku wameziba pua. Wanasikia ukali kidogo na uchungu, basi. Wakiachia pua, iliki inafika yote kwa mara moja, na nyuso zao hubadilika. Ndiyo maana mwenye mafua hulalamika chakula hakina ladha.

Ulimi ulipobadilika, namna yangu ya kuchagua mgahawa safarini nayo ikabadilika. Zamani nilipenda menyu ndefu. Niliona ni dalili ya jiko kubwa. Siku moja, katika mji ambao sitautaja, niliketi kwenye hoteli yenye menyu ya kurasa kumi na mbili nikaagiza samaki wa kupaka. Alipofika, mafuta yalikuwa yanaelea juu na chenga nyeupe zimetuama chini. Tui lilikuwa limekatika. Tui ni maji na mafuta yaliyoshikanishwa na protini ya nazi. Ukilichemsha kwa moto mkali, au ukalipasha moto tena na tena, protini hushindwa kuyashika mafuta yakaachia. Kwa hiyo sisi hutangulia na tui jepesi, kasimile, yaani tui zito, tukaiweka mwishoni kwa moto mdogo, mkono haubanduki kwenye mwiko. Kazi hiyo inataka mtu asimame hapo. Mpishi mwenye vyakula sitini vya kuangalia hawezi kusimama, na simlaumu.

Sasa nikiingia mahali siulizi mna nini. Nauliza leo mmepika nini, na kimeiva saa ngapi.

Hapa Tanga jibu zuri kuliko yote nalipata kwa bibi mmoja kwenye barabara zetu za namba, Ngamiani. Hupika bada, ugali wa muhogo mkavu, na pweza, basi. Pweza ana nyuzi ngumu ambazo hulainika polepole tu, kwa moto mdogo na muda mrefu. Ukiwa na haraka unatafuna mpira. Bibi humbandika mapema, akishalainika ndipo anamtilia tui. Bada anaisonga kwa unga wa makopa alioutwanga na kuuchekecha mwenyewe, inatoka nzito, inavutika, rangi kama ya majivu mepesi. Nikiwa kijana niliona haya kumpeleka mgeni kula bada. Nilikuwa nawapeleka kwenye chipsi kuku, na hilo linaniuma kuliko mtori wa Moshi.

Mwaka jana mwenyeji wangu yule wa Moshi alishuka Tanga, nikampeleka kwa bibi. "Shikamoo bibi, nimekuletea mgeni." "Marahaba, baba. Mnawishe mikono." Pweza alimmaliza, akakomba mchuzi. Bada aliiacha nusu. Sikumlazimisha, bibi naye hakuuliza kitu, ila wakati wa kuondoka alimfungia kilo mbili za unga wa makopa. Juzi amenipigia simu kuniuliza maji yachemke kiasi gani kabla ya kutia unga.