Manjano Hayasafishi Ini

Ujumbe ule unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp umenifikia tena: manjano, limau na maji ya moto kila asubuhi, eti "husafisha ini na kurekebisha jeni". Kazi yangu ni kupima jinsi jeni zinavyofanya kazi ndani ya seli za ini, na safari hii siwezi kuupita kimya, kwa sababu wanaousambaza sasa ni pamoja na wahudumu wa afya.

Hakuna polifenoli ya chakula (kemikali ya mimea kama zile za manjano na chai) inayorekebisha jeni. DNA inabaki ilivyo. Kinachobadilika ni kiasi ambacho jeni fulani inasomwa: RNA yake, yaani nakala zinazobeba maelekezo ya jeni hiyo, inapanda au kushuka, na baadaye, pengine, protini yake. Nasema pengine kwa sababu RNA inaweza kupanda mara tatu huku protini haijasogea hata kidogo, na makala nyingi huishia kwenye RNA.

Na ini halina uchafu unaongoja kuoshwa. Seli za ini ndizo zinazosafisha, na kwazo polifenoli ni mgeni asiyealikwa. Kurkumini ya manjano, au EGCG ya chai ya kijani, ikiingia kwenye seli inaweza kuigusa protini iitwayo Keap1. Kwa kawaida Keap1 huikamata Nrf2, protini inayowasha jeni, na kuipeleka ikavunjwe. Keap1 ikiguswa kwenye sehemu zake zenye salfa, Nrf2 inaponyoka, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kujikinga kama HMOX1 na NQO1. Kwa hiyo faida, pale inapopatikana, hutoka kwa seli iliyoiona polifenoli kuwa tishio dogo ikajiandaa. Yale madai kwamba polifenoli zenyewe hupita mwilini zikipambana na sumu yamepitwa na wakati. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa mwaka 2012 jedwali lake la kupanga vyakula kwa nguvu ya kuzuia oksidisheni.

Kinachonikera zaidi ni dozi. Mtu ananiambia "utafiti umethibitisha", naenda kusoma sehemu ya mbinu, nakuta seli za HepG2 zimemwagiwa kurkumini ya mikromola (kipimo cha wingi wa kemikali ndani ya kimiminika) 10, 20, hata 50. HepG2 zilitoka kwenye uvimbe wa ini wa kijana wa miaka 15 wa Argentina katika miaka ya 1970. Zinakua kwa urahisi na kila maabara inazo, lakini ni seli za saratani, na vimeng'enya vyake vingi vya kuvunja dawa vimefifia. Kisha kuna unga wenyewe. Kurkumini haiyeyuki majini, kwa hiyo tunaiyeyusha katika DMSO, kimiminika cha kuyeyushia kemikali, na kuidondosha kwenye maji ya kukuzia seli, ambayo hugeuka njano kali. Njano hiyo haidumu. Katika maji yasiyo na seramu (sehemu ya majimaji ya damu), sehemu kubwa ya kurkumini huvunjika ndani ya nusu saa, na seli tunazovuna baada ya saa 24 zimeshinda siku nzima na mabaki. Nani basi aliyewasha jeni, kurkumini au mabaki yake? EGCG nayo ikikaa kwenye maji hayo huzalisha hidrojeni peroksidi, ambayo peke yake inaweza kuiamsha Nrf2. Ndiyo maana kila ninapopitia jaribio la EGCG natafuta chupa ya ulinganisho iliyotiwa katalasi, kimeng'enya kinachovunja hidrojeni peroksidi. Isipokuwepo, siyaamini matokeo.

Sasa linganisha na damu ya mtu. Manjano yana karibu asilimia 3 tu ya kurkumini. Wagonjwa waliopewa gramu 8 za kurkumini kwa siku walifikia, kwa wastani, chini kidogo ya mikromola 2 katika damu. Gramu 8 hizo ni zaidi ya robo kilo ya manjano, kila siku! Isitoshe, kinachofika kwenye damu kwa sehemu kubwa kimeshabandikwa asidi ya glukuroniki au salfeti na utumbo pamoja na ini, tayari kutolewa kwa nyongo na mkojo. Anayezimwagia seli kurkumini tupu anazipa kitu ambacho ini la mlaji halikioni kwa kiasi hicho.

Hapo wenzangu hunipinga, na wana hoja. Damu itokayo utumboni hupita kwenye ini kwanza, kwa hiyo ini hupata kiasi kikubwa kuliko tunachopima katika damu iliyotolewa mkononi. Wengine wanasema seli zinaweza kuibandua ile asidi na kuirudisha polifenoli katika hali yake, bado tunabishana. Bakteria wa utumbo ndio wanaonitia mashaka zaidi. Tanini za komamanga wanazigeuza kuwa urolithini, lakini si kila mtu ana bakteria hao, kwa hiyo wawili wakila komamanga moja maini yao yanaweza kupokea vitu tofauti kabisa. Tunapotangaza wastani wa kundi zima, tunamficha yule ambaye hakupata chochote.

Vidonge ni habari nyingine. Watengenezaji huongeza piperini ya pilipili manga, ambayo huzuia vimeng'enya vinavyobandika ile asidi, ili kurkumini ibaki kwenye damu. Vimeng'enya hivyohivyo hushughulikia dawa za hospitali. Marekani wameripotiwa watu walioumia ini kwa vidonge vya manjano, wengi wao wakiwa na aina ya jeni ya kinga iitwayo HLA-B*35:01, ileile iliyoonekana kwa walioumizwa na vidonge vya chai ya kijani. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba EGCG ya vidonge kuanzia miligramu 800 kwa siku hupandisha vimeng'enya vya ini katika damu, dalili kwamba ini huenda linaumia.

Manjano ya mchuzi endeleeni kuyapika. Kwa mhudumu anayempokea mgonjwa mwenye ALT (kimojawapo cha vimeng'enya hivyo vya ini) iliyopanda au macho ya njano: mpime homa ya ini B na C, kisha muulize kuhusu vidonge vya mimea kwa kuvitaja majina, kwa sababu ukimuuliza "unatumia dawa gani?" hatavihesabu.