Hakuchezewa: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

Mtoto wa jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, alikuwa akijimegea mkate wa ajemi na kuuchovya kwenye chai. Kufika mwaka na nusu mkate ukawa unamponyoka, "baba" aliyokwisha kuijua ikapotea, na viganja vikawa vinafikichana kifuani kutwa, kama anafua leso. Baraza likatoa hukumu zake.

"Amechezewa." Hii haikosi. Akanyweshwa kombe, akafungwa hirizi. Sina ugomvi na dua. Nagombana na miezi iliyopita kabla ya kuonwa na daktari. Mikono kama hiyo ndiyo iliyomshtua Andreas Rett, daktari wa Vienna, mwaka 1954: wasichana wawili wamepakatwa na mama zao, wote wanafikicha viganja. Ugonjwa huo, ndio alio nao mtoto huyu, ukabeba jina lake, Rett, na mwaka 1999 chanzo chake kikuu kikajulikana: hitilafu kwenye jeni ya MECP2, kimojawapo cha vinasaba vya mwili. Huwapata zaidi wasichana, takriban mmoja katika 10,000, na mwanzoni hudhaniwa usonji.

"Kachelewa tu." Aliyechelewa hajafika bado. Huyu alifika, akarudi nyuma. Mtoto wa miezi 6 hadi 18 akipoteza neno au mshiko aliokuwa nao, mpeleke, hata kama uzito kwenye kadi ya kliniki ni mzuri. Mwombe nesi ampime na kichwa kwa tepi, maana mara nyingi ukuaji wake hupungua kasi.

"Sindano ya surua hiyo." Huchomwa miezi 9 na 18, majira yaleyale dalili zinapojitokeza, basi lawama huiangukia. Hitilafu ilikuwapo tangu tumboni.

"Kwao mama ndiko kulivyo." Mawifi wanaipenda hii. Karibu mara zote hitilafu haikurithiwa, imezuka upya, na mara nyingi kwenye mbegu ya baba. Nilipolisema hilo, watu walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyumbani.

"Kila akibana pumzi ni degedege." Wengi wao hupata kifafa kweli, ila kuna kubana pumzi kusiko kifafa. Mrekodi kwa simu, daktari aone mwenyewe.

Dawa ya kuumaliza haipo. Mazoezi ya viungo humsaidia, na mgongo uangaliwe usije ukapinda.

"Haelewi kitu." Mama yake humwonyesha vikombe viwili, cha uji na cha maji. Mtoto hukikodolea macho kimoja, na akiletewa kingine hugeuza uso.