Pumisi: Jiwe Linaloelea Hadi Fukwe Zetu

Mawe ya Unguja tunayajua. Ukichimba msingi Makunduchi au Bwejuu unakutana na mwamba wa matumbawe, uleule unaochomwa kupata chokaa. Volkano hatuna, Unguja wala Pemba. Kwa hiyo ukiokota ufukweni jiwe la kijivu, jepesi kama boflo lililokauka, jua limekuja na maji.

Hilo ni pumisi, jiwe la kusugulia nyayo. Chini ya volkano mawe huyeyuka yakawa uji mzito wenye silika nyingi (madini yaleyale ya mchanga na kioo), na gesi imebanwa ndani yake. Uji ukipanda juu, mgandamizo hupungua na gesi hufumuka, kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Povu hilo hurushwa hewani na kupoa upesi mno, fuwele, yaani chembe kama za chumvi ya mawe, hazipati muda wa kukua. Kinachobaki ni kioo chenye matundu, ambayo yaweza kufika asilimia 90 ya jiwe zima. Hewa iliyomo ndiyo inayolifanya lielee.

Kama una shaka, lidondoshee siki. Tumbawe litatoa mapovu kwa sababu ni chokaa. Pumisi itatulia tu.

Tarehe 27 Agosti 1883, volkano ya Krakatoa, kati ya Java na Sumatra nchini Indonesia, ililipuka na watu zaidi ya 36,000 wakafa, wengi kwa mawimbi ya tsunami. Pumisi yake ilitanda baharini kama mikeka, mkondo wa bahari ukaisukuma magharibi, na mwaka uliofuata ikatua pwani ya Afrika Mashariki. Ni safari ya zaidi ya kilomita 7,000! Kila nikiifikiria nastaajabu upya.

Bara wanayo ya kwao: Mlima Rungwe, Mbeya, uliimwaga kwa wingi miaka kama 4,000 iliyopita. Pumisi yoyote ikisagwa huchanganywa kwenye saruji. Vipande vyake hutengeneza zege jepesi, na Warumi wa kale walitumia vya kwao juu ya kuba la Pantheon, hekalu lao mjini Roma. Wakulima wa maua huitia kwenye udongo ili ushike maji bila kutuama. Kwa nyayo, lowesha kwanza na usugue taratibu. Mwenye kisukari asiitumie kabla ya kumuuliza daktari, maana mchubuko mdogo kwake ni kidonda kikubwa.

Ukiiokota, igeuze kabla ya kuitia mfukoni. Mara nyingi utakuta vigamba vya viumbe wa bahari vimeng'ang'ania, hata matumbawe machanga. Andika tarehe na jina la ufukwe, kwani ikifika nyingi kwa pamoja, huenda kuna volkano imelipuka mbali huko.