Faini ya jimbo jingine haibaki hukohuko

Madereva wengi Marekani huambiana: ukiandikiwa kosa la mwendo kasi jimbo la watu, kwenu hawatajua. Sivyo. Majimbo mengi yamefungana kwa mkataba wa leseni za udereva, hivyo kosa la Ohio humfuata mtu wa Virginia, na pointi, yaani alama za makosa kwenye rekodi ya dereva, huhesabiwa kwa sheria za kwao. New York ina ajabu yake: kwa dereva wa kawaida haiweki pointi za majimbo mengine, ila za Ontario na Quebec, huko Kanada, inaziweka!

Kulipa faini, mara nyingi, ni kukiri kosa. Kuichana karatasi ya faini bila kulipa ni kubaya zaidi: taarifa hupelekwa kwenu, leseni ikasimamishwa. Wengine hugundua wakisimamishwa na polisi kwa taa iliyoungua tu.