Ujuzi wa mkono hupimwaje?

Pale Igombe nilimwuliza mvuvi mmoja, "Shikamoo mzee. Unanyooshaje mtumbwi na kasia unapiga upande mmoja tu?" Akaniambia, "Marahaba. Navuta kwa nguvu, basi." Nikautazama mkono wake. Kila pigo lilipoishia, kiganja kiligeuka kidogo, kasia likasukuma maji kwa nje, mtumbwi ukarudi kwenye mstari. Hakunificha kitu. Mkono wake unajua jambo ambalo yeye hana maneno yake.

Ndiyo maana kumwuliza mtu hakutoshi kupima alichojifunza. Mwaka 1987, watafiti Nissen na Bullemer wa Marekani waliwapa watu kazi ya kubonyeza vitufe kufuata taa zinazowaka kwa mpangilio wa hatua 10 unaojirudia. Hata wagonjwa waliopoteza kumbukumbu waliongeza kasi, ilhali hawakutambua kwamba kuna mpangilio wowote.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha watafiti Taylor, Krakauer na Ivry, cha mwaka 2014. Mtu anapeleka mkono kwenye shabaha, lakini alama inayoonyesha mkono wake kwenye skrini imepindishwa nyuzi 45, kama mtumbwi unaosukumwa na upepo wa ubavuni. Kabla ya kila jaribio anataja anakolenga. Tuseme, ili kufidia, amelenga nyuzi 30 pembeni mwa shabaha, na mkono umekwenda 40. Zile 30 anazijua, ni mbinu yake. Zile 10 zilizobaki mwili umejirekebisha wenyewe, na yeye hana habari.

Hapo pana mtego: kule kuulizwa kila mara kunaweza kumfanya mtu afikirie mbinu kuliko kawaida. Kwa hiyo tunaongeza jaribio lingine. Anaambiwa aache mbinu zote, alenge shabaha yenyewe. Mkono ukiendelea kwenda pembeni, huo ndio mchango wa mwili, na hauzimwi kwa kuambiwa.

Wanaofundisha vijana kasia, mpira au ushonaji naomba walitilie maanani hili, maana maelezo mengi huharibu. Mjukuu wa yule mzee alikuwa akipiga kasia vizuri tu hadi nilipomweleza habari za kiganja. Akaanza kukikodolea macho, mtumbwi ukayumba huku na huku. Babu yake akamwambia, "Tazama ule mwamba kule mbele." Akatazama mwamba, na mtumbwi ukanyooka.