Gari limevutwa, kibao hakieleweki: soma kabla ya kusaini

Mteja wangu mmoja alipaki Majengo, jirani na soko, akaingia kununua mchele. Alipotoka hakuliona gari lake. Kibao cha kukataza maegesho kilikuwepo, lakini matawi ya mwarobaini yalikifunika, na mshale wake ulikuwa umefutwa na jua. Usingejua katazo linaanzia wapi na linakomea wapi. Tena asubuhi hiyohiyo, papo hapo, alikuwa ametozwa ushuru wa maegesho na kupewa stakabadhi.

Stakabadhi ile ilikuwa silaha yake kubwa. Anayepokea ushuru wa kupaki mahali fulani atapata tabu kueleza kwamba mahali hapo hapapakiwi.

Kwa bahati mbaya alipofika yadi aliwekewa karatasi mbili, akasaini zote ili awahi nyumbani. Namuelewa, maana gharama za yadi huongezeka kila siku gari linapolala. Lakini karatasi moja ilikuwa fomu ya kufifilisha kosa. Sheria ndogo nyingi za halmashauri zina kifungu hiki: mkosaji anakiri kwa maandishi, analipa, na shauri haliendi mahakamani. Ukishakiri, utapinga nini tena? Mimi huumia sana nikiletewa fomu hiyo ikiwa tayari imesainiwa.

Kwa hiyo tenganisha madai mawili. Faini inahusu kosa. Gharama ya kuvuta na kutunza gari inahusu huduma, na hiyo unaweza kuilipa ili utoe gari, huku ukiandika kwa mkono wako kwenye karatasi: "Nalipa ili nichukue gari langu, sikubali kosa." Lipa kwa namba ya malipo ya Serikali, usimpe mtu fedha mkononi. Faini usiyoikubali, sema wazi kwamba uko tayari kwenda mahakamani.

Kisha rudi ulipopaki siku hiyohiyo. Piga picha ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, maana kinachobishaniwa ni kile ambacho dereva aliweza kukiona. Piga na mistari ya barabarani, na kibao kwa mbali na kwa karibu. Ukichelewa wiki moja, matawi yanaweza kukatwa na ushahidi ukaenda nayo.

Barua ya malalamiko ielekeze kwa Mkurugenzi wa Jiji, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba utajiwe sheria ndogo iliyotumika na namba ya Tangazo la Serikali lililoichapisha, pamoja na kifungu kinachoruhusu kiwango ulichotozwa cha kuvuta gari. Taja Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania, inayolinda haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa.

Watu huniuliza kwa nini tusifungue kesi moja kwa moja. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020, kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa fedha ya kuvutwa gari, nauli na muda vitazidi unachodai. Barua nzuri yenye picha ndiyo njia ya kwanza.

Faini ya mteja wangu haikurudi, kwa sababu ya ile saini. Gharama ya kuvuta bado tunaidai, na barua ya kukumbushia nimeipeleka Jumatatu, stakabadhi ya ushuru ikiwa kiambatisho cha kwanza.