Usisubiri mvua ya vimondo

Nimeletewa tena mpango wa kiungo cha redio kinachodundisha ishara kwenye mikia ya vimondo, kitakachowashwa "usiku wa mvua ya vimondo tu". Ni wa tatu mwaka huu. Perseids, mvua ya vimondo ya Agosti, ni nzuri kwa macho, lakini kazi ya kila siku inabebwa na vimondo vinavyokuja kimoja kimoja, vidogo kama punje ya mchanga, vinavyoingia mchana na usiku bila mtu kuviona. SNOTEL, mtandao wa vituo vya kupima theluji wa Marekani, ilikusanya vipimo vya theluji milimani kwa njia hii miongo kadhaa. Ingengoja mvua ya vimondo, theluji ya Februari ingepimwa na nani?

Kinachorudisha ishara si jiwe, ni mkia wa elektroni ulioachwa kilomita 80 hadi 120 juu. Saa nono ni 12 asubuhi, wakati upande wetu wa dunia unatazama mbele katika mbio za kuzunguka jua. Jioni vimondo hulazimika kutufukuza kwa nyuma.

Halafu mpango unataka antena zielekezwe juu ya katikati ya njia kati ya vituo viwili! Mkia ni kama kioo. Mtoto anayecheza na mwanga wa jua ukutani anajua: ukikiinamisha kidogo tu, mwanga unamkosa uliyemlenga. Juu ya kitovu cha njia, mkia unaofaa lazima uwe umelala sambamba na ardhi, na vimondo vinavyoingia hivyo ni haba sana. Sogea kando makumi ya kilomita, kushoto au kulia, hapo mikia iliyoinama inaanza kufaa. Modeli ya kompyuta isiyo na hesabu hiyo ya mwinamo inahesabu vimondo, haihesabu mawasiliano.

Masafa nayo: ukitoka megahezi 40 kwenda 80, ishara ya mkia mwepesi, wenye elektroni chache, inadumu robo ya muda tu.

Vitabu huigawa mikia katika aina mbili, myepesi na mizito, kwenye elektroni 10¹⁴ kwa mita. Kwenye skrini yangu mpaka huo hauonekani. Ishara inapanda ghafla, inaanza kuteremka taratibu, kisha inafifia na kurudi mara mbili tatu kwa sababu upepo wa huko juu umeupinda mkia. Modeli yangu haina upepo. Kuziba pengo hilo nimeweka kigezo nilichokipata kwa kulinganisha na vipimo vya kiungo kimoja, na sina nadharia ya kukitetea. Ukiichukua modeli hiyo kwa kiungo kingine, kigezo hicho kipime upya.